Miwani, sahani tisa

Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa pili sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimepanga geto Changanyikeni, kule nyuma ukishapita Chuo cha Ardhi. Boom, hela ya kujikimu ya wanafunzi, lilikuwa limechelewa wiki ya tatu sasa na geto zima tunakula kwa mkopo kwa mama ntilie wa jirani, wali maharage na mchicha, kachumbari ukiwahi, buku jero sahani. Majina yetu alikuwa hayajui, kwenye daftari katuandika anavyotuona yeye, Mrefu, Kaka wa Mbeya, Miwani. Miwani ndo mimi.

Basi Jumamosi moja watu wa sheria tukashuka mtaani kutoa ushauri wa bure, turubai pale serikali ya mtaa, tisheti sare, mwenyekiti kaongea mpaka jua likawa kali, wakaja wazee kama sita na kesi zao za mipaka ya viwanja, tukapiga picha, tukajiona tumemaliza kazi ya ujirani mwema kwa mwaka ule.

Jioni naenda kula namuuliza, mama mbona sikukuona kule?

"Ningekuja saa ngapi, na nyie mnataka kula?"

Akafuta mikono kwenye kanga, akachomoa karatasi chini ya kopo la sukari, ina alama ya mafuta pembeni. "Hebu nisomee hii, Miwani."

Barua ya wakili wa mwenye eneo, Kiingereza kitupu, anapewa siku 30 aondoe kibanda, na 19 zilishapita. Jamani niliona aibu. Wanafunzi wa sheria kumi na kitu tunalamba vidole pale kila siku na barua iko chini ya sukari yetu! Sikuwa na hata hamu ya kula, ingawa nilikula.

Jumatatu nikampandisha kilimani, kuna Kamati ya Msaada wa Sheria iko pale toka miaka ya sitini, mama kavaa gauni la kitenge la kutokea kanisani, njia nzima ananiuliza kama watamtoza hela. Hawakumtoza. Barua ikajibiwa, na mwenye eneo baada ya kuzungushana akakubali kumwongezea miezi mitatu.

Boom likaingia wiki hiyohiyo. Nikaenda kwa mama kifua mbele, moyoni nategemea ukurasa wangu umeshachanwa. Akalamba kidole, akafunua daftari.

"Miwani, sahani tisa. Elfu kumi na tatu na mia tano, mwanangu."