Wanufaika 3,000 wametoka wapi?

Waliowahi kufanya ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi ya maji vijijini wanaijua hesabu hii. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Basi asasi ikichimba visima 12, afisa anazidisha kwa 250, anapata wanufaika 3,000, namba inaingia kwenye ripoti ya robo mwaka. Hakuna aliyehesabu mtu hata mmoja. Lengo la sera limeandikwa kama matokeo ya mradi, na kila aliyeipitia ripoti ameliacha lipite.

Hili linaniuma, kwa sababu ukweli upo na wala haujafichwa. Uko kwa mweka hazina wa kisima.

Kijiji kimoja mkoani Singida, mama mweka hazina alinifungulia kaunta buku lake: tarehe, idadi ya ndoo, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Miezi ya mvua makusanyo yanashuka sana, watu wanachota kwenye madimbwi. Kiangazi yanapanda. Katikati ya ukurasa kuna mipira ya pampu na nauli ya fundi, na juu ya mstari huo wiki kadhaa hazina kitu. Pampu ilikuwa imekufa, na tarehe iliyokufa na iliyopona zote zipo. Dodoso letu lenye kurasa nyingi lilikuwa limeuliza kama kaya "imeridhika na huduma". Karibu wote walijibu ndiyo, maana ni nani atamjibu mgeni hapana?

Kwenye kupanga pia tunateleza. Bango kitita, lile jedwali la malengo na viashiria lililobuniwa kwa ajili ya USAID mwaka 1969, wengi wanalilaumu. Mimi silichukii. Safu yake ya mwisho, ya dhana, ndiyo yenye mali: mambo tusiyoyamudu lakini mradi unayategemea. Sisi tunajaza "jamii itashiriki kikamilifu", tunafunga faili. Andika badala yake "vipuri vitapatikana makao makuu ya wilaya", kisha kila robo mwaka mtu aende dukani kuuliza kama vipo na ni bei gani. Hapo dhana inakuwa kazi ya mtu, na mapema mnajua mnakoelekea.

Tathmini ya mwisho nayo hufanyika mradi ukiwa unafungwa, pampu bado mpya, rangi haijapauka. Inapima nini? Chini ya sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, kuna vyombo vya jamii vya kusimamia huduma ya maji vinavyobaki kijijini sisi tukishaondoka. Tukubaliane navyo tangu mwanzo, turudi baada ya miaka miwili, tusome madaftari pamoja, na majibu yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ripoti ya Kiingereza iliyoko kwenye kompyuta ya mfadhili haimsaidii mtu anayepanga foleni na ndoo alfajiri.

Kwenye andiko la mradi ninaloshughulikia sasa nimeweka fungu la kurudi huko: mafuta ya gari, posho ya siku chache, na gharama za kuitisha mkutano. Ni kiasi kidogo kuliko tulichotenga kwa uzinduzi. Likikatwa, nitaomba lichukue nafasi ya uzinduzi.