Kijana wangu kapata jina

Tangu msimu uliopita wa korosho kuna kijana anaishi kwenye daftari langu bila jina. Nimeshaandika anavyoshuka na pikipiki usiku kutoka Tandahimba kuja Mtwara mjini, anavyoning'iniza helmeti kwenye kiwiko, anavyokaa kimya wenzake kijiweni wakibishana mpira, kisha anasema neno moja na ubishi unaisha. Kila nilipofika mahali pa kumtaja niliacha nafasi. Ukiniuliza huyu ni mtu wa namna gani, nakueleza mpaka alfajiri. Ukiniuliza anaitwa nani, nilikuwa sina jibu, na bila jina sura ya tatu iligoma kabisa.

Nilichotaka ni mkaidi mwenye mvuto. Mkaidi asiye na mvuto ni kero, msomaji atamchoka kabla hajafika katikati. Na mwenye mvuto asiyemkatalia mtu lolote ni bishoo wa kupiga picha tu.

Majina ya kwanza kunijia ni yale ya hadithi tunazorushiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Rico, Max, Jayden. Vijana hao wote wanakaa Masaki au Mbezi Beach, wana magari meusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupulizia salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Sina ugomvi na anayewapenda, na mimi nimewasoma sana. Lakini mama wa kijana wangu ni Mmakonde wa Newala, na baba yake alivuka Ruvuma zamani akabaki Msumbiji. Ningemwita Rico ingebidi nieleze jina limetoka wapi, na maelezo hayo yangekula sura nzima.

Nikahamia kwenye majina makali. Radi. Chuma. Dhoruba. Dhoruba nilikaa nalo muda, nikaliandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, nikajiona nimemaliza. Halafu nikaandika tukio la yeye kukasirika, na halikunigusa hata kidogo. Mtu ukishamwita Dhoruba ukurasa wa kwanza, hasira zake zinakuwa zimeshatangazwa. Msomaji hashtuki tena. Nadhani jina la mkaidi linatakiwa liwe tulivu, ili ukaidi wenyewe umkute msomaji hajajiandaa.

Hapo nikaanza kuwafikiria wakaidi wa kweli wa kusini kwetu. Machemba, Myao aliyekuwa mtawala huko juu kwenye uwanda wa Makonde, mwaka 1890 alimwandikia kamishna wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, barua ya Kiswahili, akamwambia wazi kwamba hashuki pwani kwenda kumtii mtu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake ya dawa, kwenye Vita vya Maji Maji mwaka 1905, yaliwaunganisha watu waliokuwa hawajawahi kushika silaha pamoja. Na Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895. Mahali penyewe watu wanapaita Mwembe Kinyonga mpaka leo. Huyu wa mwisho ndiye aliyenisimamisha. Hassan bin Omari! Ingia darasa lolote la Lindi, ita Hassan, uone wanaoitika. Baba yake hakumpa jina la vita. Alimpa jina la kila mtu, na yeye akalibeba mpaka penye kitanzi.

Kwa hiyo nilitaka jina la kawaida. Ila la kawaida lipi?

Jumamosi nikaenda kwa bibi Mikindani. Nilimkuta barazani anabangua korosho za kuchoma, vidole kavipaka majivu ili utomvu wa ganda usimchune. Nikakaa chini, nikachukua jiwe na mimi, nikaanza kumsomea majina niliyokuwa nayo. Hakutaka kuyasikia kwa kusomwa.

"Liite," akasema. "Jina la mtu ni la kuitwa. Magharibi imeingia, ugali uko mezani, mama yake anamwitaje?"

Nikaita Dhoruba kuelekea barabarani. Hata mimi nilisikia halifiki. Nikaita Max, likakatika kabla halijatoka uani. Bibi akaniambia jina zuri linaacha mdomo wazi mwishoni, mama aweze kulivuta mpaka mtoto alisikie huko aliko. Sijawahi kupata somo la uandishi lililoingia vizuri kama hilo, na nimehudhuria semina za watu wenye vyeti.

Akaniuliza huyo kijana ana tabia gani. Nikamwelezea: habishani, haombi msamaha asipokosa, akishasema hapana ni hapana, na kakosana na mjomba wake. Bibi hakuinua hata kichwa.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, mke mwenzangu."

Mkono wangu ukasimama na jiwe juu.

"Na kama yeye mwenyewe ndiye Idi?"

Bibi akapuliza maganda kwenye ungo, akafikiri. "Basi kazaliwa siku yenyewe. Hapo utamtisha na nini?"

Idi. Nikaliita mara moja tu, likaenda mpaka kwa jirani. Ni jina ambalo lipo kila mtaa, Chikongola, Magomeni, Shangani, na bado kuna methali nzima inamsubiri mkaidi akwame. Kila mtu mzima kwenye hadithi atamtolea methali hiyo, shangazi, mwalimu, imamu, na yeye atakuwa ameizoea tangu ananyonya. Hatajibu. Atatabasamu kidogo na kuvaa helmeti. Huo ndio mvuto niliokuwa nautafuta, na nisingeupata kwa kumvalisha miwani nyeusi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, alisita nilipomwambia. Watu wa umri wa baba zetu wakisikia Idi wanamkumbuka Amin, majeshi yake kuvamia Kagera mwaka 1978, na vijana walioondoka hata huku kusini kwenda vitani. Ni kweli, nami nimelipima hilo. Lakini watoto waliozaliwa siku ya sikukuu baada ya vita hiyo waliendelea kuitwa Idi, na mama zao hawakuomba ruhusa kwa mtu. Jina ni lao. Sioni kwa nini niwanyang'anye kwa sababu ya mtu mmoja wa Kampala.

Jina la kijiweni lilikuja lenyewe, kwa sababu ya ugomvi wake. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni kumnunulia mkulima korosho kabla ya mnada, mara nyingi zikiwa bado ziko juu ya mti, kwa bei ya kutupa, na kwa bakuli badala ya mzani. Serikali imeipiga marufuku, na kila mwaka ipo. Mjomba wa Idi anaishi kwa hiyo. Idi ndiye aliyekuwa akimbebea magunia usiku, taa ya pikipiki imezimwa, mpaka siku alipopaki pikipiki katikati ya njia akasema habebi tena. Akaanza kuwaambia watu wa kijijini wasubiri, wapeleke ghalani, wauze kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani unapeleka mzigo, unapewa stakabadhi yake, unasubiri mnada, uliopo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008. Vijana wa mjomba wakamcheka. Wakamwita Stakabadhi, kisha wakalikata likawa Staka. Yeye akaenda kwa fundi akaliandikisha kwenye kizuia matope cha pikipiki.

Idi Staka. Naliandika hapa na moyo unanienda mbio.

Kuna jina moja zaidi, na hili nitalitumia mara moja tu. Zamani huku kwetu kijana akitoka jandoni alirudi na jina jipya, na kumwita lile la utoto mbele za watu ilikuwa ni kumvunjia heshima. Mjomba kwa Wamakonde ana neno zito juu ya mtoto wa dada yake, wakati mwingine zito kuliko la baba. Basi siku ya ugomvi, pale kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika, watu wamejaa na magunia yao, mjomba hamwiti Idi wala Staka. Anamwita Kadogo, kama alivyomwita akiwa na miaka minne. Jana usiku nimeiandika sehemu hiyo. Idi anageuka, anamwamkia "Shikamoo, mjomba," kwa sauti ile ile ya kila siku, na anaendelea kupandisha gunia la bibi mmoja mjane kwenye mzani.

Sasa mjomba ndiye aliyebaki bila jina. Simtaki awe shetani. Ni mtu huyu huyu aliyetoa hela ya sanda usiku watu walipofiwa, na aliyelipa ada za watoto wasio wake wakati mnada ulikuwa bado miezi kadhaa mbele. Bila njaa ya kipindi kile cha salfa kangomba isingepata wa kumuuzia. Anahitaji jina la mtu anayependwa msibani. Nilimwomba bibi nitumie la marehemu kaka yake, amenikatalia, na akaniambia nisimuulize tena.