Unyuzi wa Mkonge Ndani ya Kamera

Mwaka 2011 nilipewa kazi ya kupiga picha katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga, upande wa barabara iendayo Muheza. Aliyenipa kazi hiyo alitaka picha kubwa za kutundikwa ukumbini, zinazoonyesha mkonge tangu jani linapokatwa shambani hadi singa, yaani nyuzi zake, zinapofungwa robota. Alisikitika kwamba vijana wengi wa Tanga hupita kando ya mashamba hayo kila siku bila kujua kuwa mmea wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida, na kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Mimi nilikuwa na Canon EOS 5D niliyoinunua mkononi mwa mtu, pamoja na lenzi mbili, moja pana na nyingine ya kuvuta vitu vya mbali.

Picha za shambani na za korona, mahali majani yanapopondwa na kukwanguliwa, zilikwenda vizuri. Nilikaa zaidi kwenye nyaya za kuanikia, ambako singa zilizooshwa huning'inizwa safu kwa safu mpaka jua lizifanye nyeupe, na katika chumba cha brashi, ambako singa kavu hupigwa na mashine ili zinyooke na kung'aa. Aliyewahi kuingia katika chumba hicho anajua hali ya hewa yake. Vumbi laini la rangi ya maziwa huelea kwenye mwanga wa dirisha, na wafanyakazi hujifunga vitambaa puani. Nilibadilisha lenzi nikiwa ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, kamera ikiwa imeelekezwa chini. Hata hivyo vumbi la mkonge halingoji mlango ufunguliwe. Lilikuwa limekwisha kukaa kwenye nguo zangu, kwenye nywele na kwenye mishono ya mfuko wa kamera.

Jioni nilipozifungua picha kwenye kompyuta niliona anga la Tanga lina madoa. Katika picha za ndani hayakuonekana, kwa sababu humo nilikuwa nimeacha tundu la lenzi wazi hadi f/2.8 ili nipate mwanga. Katika picha za nyaya za kuanikia, ambazo nilizipiga kwa tundu dogo la f/16 ili singa za karibu pamoja na milima ya Usambara iliyo mbali vyote vionekane sawasawa, madoa yalijitokeza mahali palepale katika kila picha. Moja lilikuwa la duara, lenye ukingo mweusi kidogo kuliko katikati yake. Jingine, juu upande wa kulia, lilikuwa kivuli kirefu chembamba kilichopinda mwishoni kama ndoana.

Jambo hili lina sababu yake, na mtu akishaielewa hataanza kulaumu lenzi. Vumbi halikai juu ya sensa yenyewe, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuufanya picha, bali juu ya kioo chembamba cha kichujio kilicho mbele yake, na kati ya kioo hicho na sensa kuna nafasi ndogo. Tundu la lenzi likiwa pana, mwanga hufika kutoka pande nyingi na kulizunguka punje, kwa hiyo kivuli chake hutawanyika kisionekane. Tundu likibanwa, mwanga huja karibu kwa mstari mmoja na kivuli hukaza. Sensa ya kamera ile ina upana wa karibu milimita 36. Picha niliyotakiwa kuitoa ilikuwa na upana wa sentimita 90, yaani kila kitu kilichokuwa juu ya sensa kingekuzwa mara 25, na punje ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho huipata kwa shida, ingekuwa doa la milimita mbili na nusu katikati ya anga. Kamera za aina hiyo, zilizotoka mwaka 2005, hazikuwa na mtetemo wa kujisafisha ambao Olympus ilikuwa imekwisha kuutumia tangu kamera yake ya E-1 ya mwaka 2003, na ambao Canon yenyewe iliuleta katika EOS 400D mwaka 2006.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Ngamiani, mjini Tanga, kwa mzee mmoja fundi, mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti, ambaye wapigapicha wengi wa mjini walimwendea kamera zinapowasumbua. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniomba picha kabla ya kuniomba kamera.

“Niachie kwanza niitazame picha, mwanangu,” alisema. “Hiyo ndiyo itakayotwambia uchafu umekaa wapi. Macho yangu peke yake hayatoshi.”

Aliitazama ile ya nyaya za kuanikia kwa muda mrefu. Huyu alikuwa mtu wa filamu. Alisafisha negativu kwa brashi ya manyoya laini miaka mingi kabla hajashika kamera ya kidijitali. Alinieleza kwamba zamani vumbi kwenye negativu lilizuia mwanga wa mashine ya kukuzia na kuacha nukta nyeupe kwenye karatasi, naye alikuwa akizijaza moja moja kwa wino na brashi nyembamba, ilhali vumbi la sensa huzuia mwanga usifike kwenye sensa na kuacha nukta nyeusi. Tena punje iliyoingia kwenye kamera ya filamu mara nyingi iliondoka na fremu yake filamu ilipovutwa mbele. “Hapa ni ukuta uleule kwa kila picha,” alisema. “Punje ikishahamia, imehamia.”

Namna alivyokitayarisha chumba ilinifundisha mengi kuliko vifaa vyake. Alizima pangaboi, akafunga dirisha linalotazama barabara, akapiga deki sakafu na kuiacha na unyevu ili vumbi lililokuwa likielea litue, kisha tukakaa nje tukinywa kahawa kwa muda. Tuliporudi alivua koti lake la sufu, akanawa mikono, akaweka betri iliyojaa kabisa. Jambo la betri alilisisitiza, na mimi nalisisitiza kwa kila anayeniuliza leo: wakati wa kusafisha, ni umeme wa betri unaoshikilia kioo cha kuakisi juu na shata, yaani pazia lililo mbele ya sensa, wazi, na betri ikikata katikati ya kazi vyote viwili hurudi chini juu ya chochote kilichomo ndani.

Aliichagua kwenye menyu hali ya kusafisha sensa, kioo cha kuakisi kikanyanyuka. Akaangaza kwa tochi kwa pembeni, akanipa lenzi ya kukuzia na kuniambia nitafute chini upande wa kulia, kwa kuwa lenzi hupindua taswira, na kilicho juu kulia katika picha hukaa chini kulia mtu anapoitazama sensa kwa mbele. Nilikiona. Ulikuwa unyuzi wa mkonge, mwembamba kuliko unywele, wa rangi ya dhahabu iliyofifia chini ya tochi, umelala juu ya kioo cha kichujio chenye rangi ya kijani na zambarau, na ncha yake moja ilikuwa imejikunja kama nilivyoiona kwenye picha. Pembeni yake zilikuwapo punje kama mbili za mchanga zilizometa.

Aliigeuza kamera uso chini, akapuliza kutoka chini kwa pampu ya mpira, bila kuiingiza ncha yake ndani ya mdomo wa kamera. Punje za mchanga zilitoka. Unyuzi uliinua ncha moja, ukatikisika, ukarudi kulala, kwa sababu ya umeme tuli uliokuwa ukiunatisha kwenye kioo. Nilimuuliza kama si afadhali tuuondoe kwa kijiti chenye kitambaa, kwa kuwa vijiti alikuwa navyo mezani. Alikataa katakata. Hakuwa na hakika kwamba unyuzi ule haukubeba mchanga wa shambani, na mchanga mgumu ukikokotwa juu ya kichujio huacha mkwaruzo usiofutika. Alizima kamera, akangoja, akawasha tena na kupuliza tena, akarudia, na hatimaye unyuzi ulianguka juu ya karatasi nyeusi aliyokuwa ameitandika mezani. Hakuupuliza kwa mdomo, maana pumzi hubeba mate. Wala hakutumia ile hewa ya kopo inayosafishia kompyuta, kwa sababu inaweza kutema kimiminika baridi kwenye kioo.

Lilibaki doa la duara. Upepo haukuligusa, na mzee alisema ni tone lililokaukia hapo, pengine kutoka siku za mwenye kamera wa kwanza. Kwa hilo tu ndipo alipofungua kijiti chenye upana wa milimita 24, ambao ni sawa na kimo cha sensa ile, akakidondoshea matone mawili ya kimiminika cha methanoli, akakivuta kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa mkono mmoja ulionyooka, kisha akakigeuza upande wa pili na kurudi nacho. Alifanya hivyo mara moja tu na kukitupa kijiti. Hakukirudisha tena kwenye kioo. Tulipiga picha ya jaribio: ukuta mweupe, f/22, lenzi ikiwa haijalenga sawasawa, na kamera ikitikiswa kidogo shata ikiwa wazi ili kasoro za ukuta zifutike na vumbi pekee libaki lilipo. Doa la duara lilikuwa limesogea hadi pembeni na kugawanyika mawili. Hapo alinipa kijiti cha pili mimi, akasimama nyuma yangu akinielekeza uzito wa mkono, mpaka jaribio lililofuata likawa jeupe kote.

Nilipokuwa nikifunga lenzi alinishauri kwamba si kila picha niliyokwisha kupiga ifaayo kusahihishwa kwenye kompyuta. Doa la anga hufutika kwa urahisi, kwa kuwa anga lina rangi moja, na mengi niliyafuta. Lakini katika picha niliyoipenda kuliko zote, ya mwanamke akipanga singa kwenye waya, nilikuwa nimeishika kamera wima, na kile kivuli cha ndoana kilikuwa kimeangukia katikati ya singa zenyewe, mahali ambapo hakuna awezaye kutenga singa ya kweli na kivuli cha singa. Kukifuta kungekuwa kubuni nyuzi ambazo mwanamke yule hakuzishika. Nilishikamana na maoni ya mzee wakati huo na nashikamana nayo sasa: picha inayosema mkonge ni kazi ya mikono ya watu haifai kuwa na singa zilizochorwa.

Nilirudi shambani asubuhi, kabla upepo haujashika. Mama yule alikuwa kwenye nyaya zilezile, akaniuliza kama picha za mwanzo zilikuwa mbaya, nikamweleza kwamba unyuzi wa kazi yake uliingia ndani ya kamera. Alicheka, akajipangusa mikono kwa kanga na kuendelea kupanga, nami nikapiga kwa f/16 na lenzi moja tu, ile pana, nikiwa nimeifunga tangu nyumbani. Picha hiyo ndiyo iliyochapishwa kwa upana wa sentimita 90, na kwenye kompyuta sikugusa chochote ndani yake isipokuwa mwanga.