Nilivyoyaelewa matusi ya Kent

Nilipopewa nafasi ya Kent katika tamthilia ya King Lear ya Shakespeare, kilichonishinda ni matusi. Katika sehemu ya pili, onyesho la pili, Oswald, mtumishi wa binti wa mfalme, anamwuliza Kent anamjua yeye ni nani, na Kent anammiminia matusi mfululizo bila kupumua. Niliyakariri yote, lakini kinywani mwangu yalisikika kama orodha ya bidhaa dukani. Mwongozaji akaniambia, "Kaka, tusi usilolielewa halimuumi mtu."

Kamusi haikunisaidia sana. Iliniambia "knave", tusi analolirudia Kent, ni mtu mbaya, basi. Nikaiweka pembeni, nikawa najiuliza kwa kila neno: huyu anayetukanwa anakula nini, anavaa nini?

Tusi la tatu linasema anakula nyama iliyobaki mezani kwa bwana wake. Mla makombo! Mbona tunalo. Anaitwa mtu wa suti tatu, kwa kuwa mtumishi wa nyumba kubwa alipewa nguo tatu kwa mwaka. Soksi zake ni za sufu, wakati waungwana walivaa za hariri. Hiyo "knave" yenyewe zamani ilikuwa mvulana tu, kisha mtumishi, kama wakoloni walivyomwita mtu mzima boi. Na "villain" asili yake ni mtu wa shamba. Mshamba! Hata tusi la ini jeupe halikunipa shida: waliamini ujasiri hukaa kwenye ini, na lisilo na damu ni la mwoga. Sisi tunaosema maneno yamenikata maini tunaelewa upesi. Mapema kidogo Kent alishamwita mcheza kandanda, maana enzi hiyo, karibu mwaka 1606, mpira ulikuwa mchezo wa makabwela.

Ndipo nikaona kamba inayoyafunga yote: cheo. Kent ni mwungwana aliyejibadilisha akajifanya mtumishi, na anamwambia Oswald kwamba hata ajitutumue vipi, hatatoka utumishini. Iliniuma, kwa sababu Kent ndiye mwema wetu, anamtetea mfalme aliyedharauliwa, na bado silaha anayoiokota ni umaskini wa mwenzake.

Kwenye mazoezi yaliyofuata sikupiga kelele. Niliyasema polepole, nikimkagua Oswald kuanzia kola kushuka chini. Nilipofika kwenye soksi za sufu nikatua macho miguuni pake. Akairudisha nyuma, mmoja baada ya mwingine.