Romeo na Juliet katika darasa la Busia

Walimu wengi wa fasihi huanza Romeo and Juliet kwa kumtambulisha Shakespeare: kazaliwa 1564, kafariki 1616, kaoa nani, kaandika nini. Darasa linasinzia kabla Romeo hajatokea. Mimi nafundisha kidato cha tano hapa Busia, upande wa Uganda, na muhula uliopita niliamua hayo yote yasubiri. Nilianza na mwisho wa hadithi.

"Vijana wawili wanapendana, familia zao hazipatani, na wote wawili watakufa," nikawaambia. Wakanung'unika: "Aa, Madamu, sasa umetumalizia utamu!" Nikawajibu wamlaumu mwandishi. Tamthilia yenyewe inafunguliwa na shairi la mistari 14 linalotangaza vifo hivyo kabla mhusika yeyote hajatia mguu jukwaani. Mtazamaji anaingia akijua. Kinachombakiza kitini ni kutaka kuona mambo yalifikaje huko, na watoto wa mpakani, waliokua wakisikiliza kesi za majirani mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kazi hiyo wanaiweza.

Kisa chenyewe nilikisimulia kwa Kiswahili. Darasani nina Wasamia, Wateso, Wagisu na Wanubi, na Kiswahili ndicho tunachokutana nacho sokoni. Kiingereza cha zaidi ya miaka 400 iliyopita kilikuja baadaye, kidogo kidogo, kwa kurasa nilizotoa fotokopi kwa sababu vitabu havikutosha.

Kazi ya kwanza niliyowapa ilikuwa kutafuta siku. Nilichora ubaoni jedwali la juma, kila kundi likapewa kurasa zake, na mtu akipata mstari unaotaja siku au saa anakuja kuandika. Jumapili, ugomvi barabarani asubuhi, karamu usiku, wakakutana. Jumatatu, ndoa ya siri, na mchana uleule Tybalt, binamu yake Juliet, kamuua Mercutio, rafiki wa Romeo, naye kauawa na Romeo. Jumatatu hiyohiyo usiku, baba yake Juliet, mzee Capulet, anamwahidi harusi Paris, bwana anayemposa binti. Anauliza leo ni siku gani, anaambiwa Jumatatu, anasema Jumatano ni mapema mno, basi iwe Alhamisi. Kesho yake anairudisha Jumatano! Kijana aliyekwenda kuandika hilo alisimama na chaki mkononi akacheka. "Huyu mzee ana haraka kuliko watoto."

Hapo ndipo nilipotaka wafike. Shakespeare alikichukua kisa hiki kwenye shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambamo mambo yanachukua miezi. Yeye akayabana yakaisha ndani ya siku zisizozidi tano. Wanafunzi wangu walikuja wakidhani watasoma hadithi ya mapenzi. Mimi naisoma kama hadithi ya haraka, tena haraka ya watu wazima. Padri Laurence, anayewasaidia wapenzi hao, anamwonya Romeo kwamba wakimbiao hujikwaa, na darasa zima likamalizia kwa sauti moja: "Haraka haraka haina baraka!" Kisha padri huyohuyo anawafungisha ndoa siku ileile.

Suala la umri lilituchelewesha kidogo. Juliet hajatimiza miaka 14. Msichana mmoja akasema kwa sheria za Uganda hiyo ni kesi ya polisi, na ni kweli, Katiba yetu inaweka ndoa kuanzia miaka 18. Sikulikwepa. Nikawarudisha kwa mzee Capulet: mwanzoni anamwambia Paris angoje miaka miwili zaidi, binti bado mdogo. Ni nini kilichombadilisha? Mjadala huo ulikula kipindi kizima, nami niliuacha uendelee.

Pambano la Mercutio na Tybalt hatukulisoma tukiwa tumekaa. Tulitoka nje chini ya mwembe, rula zikawa panga. Maandishi yanasema Tybalt alimchoma Mercutio kwa kupitia chini ya mkono wa Romeo aliyekuwa akiwaamua. Walirudia mara kadhaa hadi mkono ukakaa mahali pake, na hapo aliyeigiza Romeo akaganda. "Kumbe mimi ndiye niliyemzibia!" Maelezo yangu yote ya ubaoni yasingemfikisha hapo.

Halafu ile barua. Mtawa John anatumwa na Padri Laurence kumpelekea Romeo, aliyefukuzwa mjini kwa kumuua Tybalt, habari kwamba Juliet hajafa, amelazwa tu na dawa ya saa 42 ili aikwepe harusi ya Paris. Hafiki, kwa sababu anafungiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni. Nimesikia watu wakiiita hila dhaifu ya mwandishi. Darasa langu halikuona udhaifu wowote. Hawa walikuwa shule ya msingi wakati shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Karantini wanaijua. Mmoja alisimulia ndugu yake aliyekwama safarini wakati wa korona, msiba ukazikwa bila yeye.

Mwishoni tuliketi kama baraza: mwenyekiti, katibu, washtakiwa. Mjuaji mmoja akapinga kwamba vifo haviko kwenye mamlaka ya LC1, ni vya polisi. Tukamwambia akae. Yaya wa Juliet alishambuliwa vikali kwa kumshauri Juliet aolewe na Paris ilhali anajua tayari ana mume. Muuza sumu, aliyemuuzia Romeo ile ya kujiua, alijitetea kwa maneno ya kitabuni, kwamba ni umaskini wake uliokubali, moyo wake ulikataa.

Escalus, mtawala wa Verona, anafunga kwa kusema wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, bila kutaja jina hata moja. Hilo liliwaudhi, nikaligeuza insha: andika majina ambayo mtawala hakuyataja. Wengi walimweka Capulet juu. Msichana mmoja aliyekuwa kimya muhula mzima alimweka mtawala mwenyewe, na akanukuu mstari ambao Escalus anakiri kwamba aliufumbia macho ugomvi wao, naye akapoteza ndugu. Nilimpa alama zote.