Nilivyoifundisha kompyuta kwamba Hamisi na Khamis huenda ni mtu mmoja

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu jambo linaloonekana dogo mpaka likukute: mgonjwa mmoja ana mafaili mawili matatu kwenye kanzidata ya kliniki, kwa kuwa kila karani aliandika jina lake alivyolisikia. Kadi imesahaulika nyumbani, linafunguliwa faili jipya, na historia ya matibabu inakatikia hapo.

Nilianza na Soundex, njia kongwe ya kulinganisha majina kwa sauti, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu, kisha inageuza konsonanti kuwa tarakimu. Kwa majina yetu ni vituko. Juma anakuwa J500, John J500, na Jane naye J500. Hamisi (H520) na Khamis (K520) inawatenganisha kwa herufi moja ya mwanzo.

Nikahamia kipimo cha Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu herufi za kubadilisha, kuongeza au kufuta ili neno moja liwe jingine. Afadhali. Ila kwake Rehema na Lehema wametofautiana kwa hatua moja, na Halima na Salima hatua moja vilevile. Sisi tunajua kwamba wale wa kwanza ni lafudhi tu, na hawa wa pili ni watu wawili.

Nikayapeleka haya kwenye semina ya idara. Kwa kawaida semina zetu ni slaidi, swali moja la heshima, kisha chai. Safari hii kila mtu alikuja na jina lake.

“Kwetu Kigoma Ramadhani ni Ramazani, na ukivuka ziwa kwenda Kongo utamkuta vivyo hivyo,” alisema mmoja.

“Na Rashid na Rashidi, Mariam na Mariamu, umewaweka wapi?” akadakia mwingine.

Mimi naandika tu. Ubao ukajaa jozi: l na r, dh na z, th na s, kh na h, na ile irabu tunayoipachika mwishoni. Jozi hizo nikazipa gharama ndogo ndani ya kipimo, mabadiliko mengine yakabaki na gharama kamili. Kuandika programu yenyewe kwa Python ndiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Jina peke yake halitoshi, kwa hiyo nikafuata nadharia ya Fellegi na Sunter ya mwaka 1969 kuhusu kuunganisha kumbukumbu za mtu mmoja: kila kipengele kina uzito wake, na kufanana kwa jina adimu kuna uzito kuliko kufanana kwa jina lililojaa kila mtaa. Umri niliupunguzia uzito, maana wazee wengi hutaja unaoishia na 0 au 5. Jina la babu ndilo lililonibeba.

Msimamizi wangu hakuridhika. “Mafaili mawili ya mtu mmoja ni usumbufu. Faili moja la watu wawili ni hatari, mmoja atapewa dawa ya mwenzake.” Akanitupia Hassan na Hussein, mapacha: baba mmoja, mtaa mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, na kwa Soundex wote H250.

Nikaweka mipaka miwili kwenye jumla ya uzito. Juu ya wa kwanza programu inaunganisha, chini ya wa pili inaacha, na katikati karani anaonyeshwa mafaili yote mawili aamue mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa ikilingana, na majina ya baba na babu yakilingana pia, programu hairuhusiwi kuunganisha majina ya kwanza yaliyotofautiana. Karani humpigia mama simu.