Nahodha alivyovuka Likoni

Karatasi yake kwenye kituo chetu cha wanyama ilijaa maandishi kuliko ya paka mwingine yeyote. Dume, rangi ya machungwa, umri miaka 12 kwa kukadiria, amehasiwa. Meno hana: yalikuwa yamebaki machache, na daktari akayang'oa yote kwa sababu ufizi ulikuwa umevimba hadi hawezi kumeza. Figo zimeanza kuchoka, hatua ya 2 kati ya 4. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: ukimwi wa paka.

Jina la Nahodha alipewa na mlinzi wetu, kwa namna alivyokuwa akisimama mlangoni mwa kizimba asubuhi, kifua mbele, sikio moja limechanika, akitazama nje kama anayeangalia upepo. Alikuwa ameokotwa karibu na soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, mate yanamchuruzika na damu ndani yake. Mimi hujitolea pale kituoni Jumanne na Jumamosi. Naosha mabakuli, napiga picha za wanyama na kuwatafutia makao. Watoto wa paka hawakai. Ukituma picha asubuhi, jioni kuna mtu getini na boksi. Nahodha alikaa miezi saba.

Miezi minne ya kwanza nilimtangaza vibaya. Nilipiga picha ya upande wa sikio zima, nikaandika kwamba mzee wetu mpole anatafuta mapumziko na "anahitaji uangalizi kidogo". Niliamini nikisema yote nitawatisha watu, basi nikapanga kuyasema pole pole, mtu akishampenda. Familia moja ya Kisauni ilimpenda kweli, ikamchukua. Siku ya tisa wakamrudisha. Mama wa nyumba hakuwa na hasira, alikuwa na haya. "Dada, samahani sana, lakini mkojo wake hauna mwisho. Godoro la mtoto limelowa mara mbili." Pale nikajua kosa ni langu. Paka mwenye figo mbovu hunywa maji mengi na kukojoa mengi, kwa sababu figo haziwezi tena kuurudisha mwilini ule unyevu. Sanduku moja la mchanga halimtoshi, anataka mawili, na moja liwe hatua chache tu kutoka anapolala. Nilikuwa nalijua hilo na sikuwaambia. Nahodha alirudi kizimbani amepungua gramu 300, akakaa siku mbili bila kugusa chakula. Nilimlisha supu ya samaki kwa bomba la sindano, tone kwa tone, nikimwomba radhi.

Usiku ule niliandika tangazo jipya. Nilianza na maradhi. Nikasema anakula vyakula laini tu. Nikasema ng'onda na dagaa wa chumvi ni mwiko kwake, anapewa chakula cha kopo cha wagonjwa wa figo na kidogo cha samaki asiyekaushwa, aliyechemshwa bila chumvi. Nikasema Jumatatu na Alhamisi hutiwa maji chini ya ngozi kwa sindano, na kwamba tutamfundisha mtu mpaka aweze. Nikataja gharama: chakula kama shilingi 4,500 kwa mwezi, sindano, chupa za maji na vipimo vya damu kila miezi sita tutalipa sisi kituoni mpaka mwisho wake. Nikasema hatumtafutii nyumba yenye watoto wadogo wala paka wengine. Halafu nikaandika asubuhi yake ilivyo, saa kwa saa, na anavyokuja kuweka kipaji chake kwenye goti lako ukishamaliza kumhudumia. Picha niliyotumia safari hii ilionyesha sikio lililochanika.

Watu walionijibu walikuwa wachache, na karibu wote waliuliza swali moja: haambukizi? Hilo jina limewatesa paka wengi. Virusi vyenyewe vinafanana kwa ukoo na vile vya binadamu, ndiyo sababu vikaitwa hivyo, lakini ni vya paka peke yao. Vilitambuliwa mwaka 1986 huko California, na mpaka leo havimwingii mtu. Hata baina ya paka husambaa hasa kwa kung'atana kwa nguvu, jeraha la ndani, jinsi madume wasiohasiwa wanavyopigana usiku juu ya mapaa. Mzee aliyehasiwa, hana meno, anaishi peke yake ndani ya nyumba, atamwambukiza nani? Niliyaeleza hayo kwa simu hadi sauti ikanikauka. Wengi walisema watafikiria.

Kisha akapiga mama mmoja wa Likoni, ng'ambo ya feri.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Yule paka bado yupo?"

"Yupo, mama, lakini ningependa kwanza nikueleze hali yake..."

"Umeshaeleza. Nimesoma mpaka chini. Nataka kujua sindano yake ni saa ngapi."

Mtaani wanamwita Bi Nesi. Alistaafu uuguzi, ni mjane, anaishi vyumba viwili na mjukuu wake wa kidato cha tatu. Nilipokwenda kuiona nyumba, kabla ya kumpa jibu lolote, nilikuta dawa zake za presha zimepangwa ndani ya mkebe wa biskuti, asubuhi upande huu, usiku upande huu. Nikatulia moyoni. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikitafuta mtu mwenye huruma, kumbe anayemfaa ni mtu ambaye siku yake tayari ina saa ya dawa.

Kuhusu lile jina la wino mwekundu hakuniuliza, nikaliulizia mwenyewe. Akanimiminia chai kwanza. Akasema alikuwa wodini miaka ile, hata kabla ya 1999 ambapo Rais Moi aliutangaza ukimwi kuwa janga la taifa. "Nimewaona watu wakisukumiwa sahani kwa mguu, mwanangu. Na ndugu zao wa damu. Mimi neno hilo halinitoi kwenye kiti." Dada yake alikuwa ameketi pembeni, akauliza kuhusu udhu na mahali pa kusalia. Bi Nesi akamkumbusha ile hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyekuwa akitaka kutawadha, akaja paka, akamwinamishia chombo mpaka akanywa, akasema Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia majumbani. Dada hakuongeza neno.

Alivuka feri mara tatu kuja kujifunza. Kudunga alikuwa anajua kuliko mimi. Cha kujifunza ni paka mwenyewe. Chupa ya maji unaiweka kwanza ndani ya karai la maji ya moto, ulijaribu joto lake kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto, kwa sababu maji baridi yakiingia chini ya ngozi paka anaruka. Unaitundika kwenye nondo ya dirisha. Unaivuta ngozi katikati ya mabega mpaka inasimama kama hema, unaingiza sindano chini ya hema, usawa wa mgongo, unafungua. Mililita 100, dakika tano hivi. Uvimbe unatokea, laini, kama chungwa limewekwa chini ya manyoya, halafu taratibu unateremkia begani, mpaka kufika jioni mwili umeyanywa yote. Mara ya kwanza kuuona, mjukuu alishika mdomo. Mara ya tatu yeye ndiye aliyekuwa anahesabu mililita. Nilitaka hivyo hasa, na nilisema wazi: mama akiumwa au akisafiri, lazima kuwe na mkono wa pili nyumbani.

Kitu kimoja nilikirudia mpaka nikaona haya mbele ya nesi, nacho ni dawa ya maumivu tunayomeza sisi, paracetamol. Nusu kidonge tu chaweza kumuua paka. Akaitikia, akakiandika kwa kalamu juu ya kifuniko cha ule mkebe.

Tulikubaliana majaribio ya wiki mbili, na kwamba wakati wowote, hata baada ya miaka, Nahodha akirudi mlango uko wazi na hakuna lawama. Nadhani ahadi hiyo ndiyo iliyomwezesha kusema ndiyo bila woga.

Siku ya kuvuka nilimfunika na leso yangu ndani ya tundu lake. Pale kwenye feri, watu wamebanana bega kwa bega, honi ilipolia alitoa mlio mrefu ambao sijawahi kuusikia kwake. Kijana mmoja mwenye mkokoteni wa madafu akasogea bila kuombwa, akanipa nafasi upande wa kivuli. Niliingiza vidole viwili chini ya leso. Nahodha akaviegemea mpaka tulipofika ng'ambo.

Siku nne alikaa chini ya kitanda. Nilimwambia Bi Nesi asimvute, amwachie chakula na sanduku karibu, aendelee na shughuli zake. Nilikuwa nimeshajiandaa kwenda kumchukua. Siku ya tano, alfajiri, simu ikalia. Nikaipokea nikitetemeka.

"Mwenyewe ameketi juu ya msala wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimesali pembeni."

Sasa imetimia miezi 14. Alikwenda akiwa na kilo 2.9, akapanda hadi 3.6, na sasa amerudi 3.4. Kipimo cha mwisho kimeonyesha figo zimeingia hatua ya 3. Tulikaa na daktari sote watatu, akaongeza maji yawe mara tatu kwa wiki, akatueleza tutazame nini: akikataa chakula siku nzima, akitapika mfululizo, akijificha. Bi Nesi aliuliza maswali yote ambayo mimi nilikuwa nayaogopa, pamoja na lile la mwisho, kwamba siku ikifika daktari atakuja nyumbani au lazima avushwe. Atakuja nyumbani.

Alhamisi iliyopita nilipeleka chupa mpya. Nilikuta karai liko tayari, lile leso langu limetandikwa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mjukuu akaita, "Nahodha, dawa," naye akatoka chumbani mwendo wake wa pole, akapanda, akalala kifudifudi. Bi Nesi aliinyanyua ngozi, akaitazama kwenye mwanga, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mwambie daktari safari ijayo anipe sindano nyembamba zaidi," akaniambia. "Ngozi ya mwenzangu imeanza kulainika. Afadhali tukae dakika kumi kuliko kumtoboa."